Programu yako ifanane kiasi gani na ya mwenzio? Njia ya Microsoft, ya Borland na ya Xio

Developa yeyote anayeingia kwenye soko ambalo tayari lina mwenyewe lazima akutane na hili swali. Kuna programu watu wameizoea miaka na miaka, wewe unataka kuleta ya kwako inayofanya kazi ileile, labda kwa bei nafuu, labda haikwamikwami kama ile, sasa uifananishe kiasi gani? Ukiifananisha sana mwenye nayo anakuburuza mahakamani, ukiitenga mbali sana watu hawahami, maana nani ana muda wa kuanza upya kujifunza kitu ambacho vidole vyake vinakijua.

Hili jambo limeshapiganiwa sana, hasa Marekani, na zipo njia tatu unazoweza kuziweka bega kwa bega ukaona kila moja ilimfikisha wapi aliyeipita. Ya kwanza ni kuomba ruhusa na kuandikishana, kama Microsoft na Apple. Ya pili ni kuchukua amri na menyu ili watumiaji wahamie kwako na kazi zao zote, kama Borland walivyofanya kwa lahajedwali ya Lotus. Ya tatu ni kuchukua kila kinachoonekana kwa macho halafu unabadilisha jina tu, kama Xio walivyofanya kwa gemu ya Tetris. Mimi nasimama na ya pili, naamini ndo yenye haki zaidi kwa mtumiaji na kwa soko, lakini sio rahisi na hata aliyeshinda kwa njia hiyo hakutoka mzima.

Karatasi: Microsoft na Apple

Macintosh, kompyuta ya Apple, ilitoka Januari 1984 na madirisha, aikoni, mausi na menyu za kushuka, wakati wenzao wengi bado wanachapa amri kwenye skrini nyeusi. Novemba 1985 Microsoft nao wakatoa Windows 1.0 na Apple wakaona sura yao imo mle ndani. Wangeweza kwenda kugombana moja kwa moja, lakini Microsoft ndo walikuwa wanaitengenezea Macintosh programu ambazo wateja wanazitaka, kwa hiyo wakakaa wakasaini makubaliano mwezi huohuo: Microsoft wakakiri kwamba sura za Windows 1.0 na baadhi ya programu zao zimetokana na za Apple, na Apple wakawapa leseni ya kuzitumia kwenye programu zao za sasa na za baadaye.

Hayo maneno "na za baadaye" ndo yaliyoamua kesi. Windows 2.03 ilipokuja na madirisha yanayolaliana moja juu ya jingine (kwenye 1.0 yalikuwa yanakaa ubavu kwa ubavu tu) Apple wakasema sasa mmevuka, na Machi 1988 wakawashtaki Microsoft pamoja na Hewlett-Packard waliokuwa na NewWave, programu yao iliyokaa juu ya Windows. Wakaleta orodha ya mambo 189 yanayofanana. Jaji akaipitia, akakuta 179 kati ya hayo yameshafunikwa na ile leseni ya 1985. Yakabaki 10, na hayo nayo yakaonekana hayana ulinzi wa hakimiliki, ama ni wazo tupu ama ni kitu ambacho hakina namna nyingine ya maana ya kukionyesha. Apple walikuwa wanaomba mahakama iiangalie sura yote kwa pamoja badala ya kuichambua kipande kipande, wakakataliwa, na mahakama ya rufaa mwaka 1994 ikasema ukishatoa vya leseni na vya bure, kilichobaki ni chembamba mno, mwigaji anashikwa pale tu kazi yake inapokuwa karibu ileile kabisa. Februari 1995 Mahakama Kuu ya Marekani, iliyo juu ya zote kule, ikakataa kuisikiliza. Miaka saba hiyo.

Kuna jambo jingine kwenye kesi hii watu wanalikumbuka, kwamba Desemba 1989 Xerox nao wakawashtaki Apple kwamba hizo sura asili yake ni kwao, na sehemu kubwa ya madai yao ikatupwa 1990. Nalitaja kwa sababu linaonyesha kila mmoja pale alikuwa amejifunza kwa mwingine, na hata mahakama ililiona hilo.

Kwa anayechagua, faida ya karatasi iko wazi, jaji anasoma mkataba kabla hajafika kwenye swali gumu la nini kinalindwa na nini hakilindwi. Lakini Microsoft walikuwa na kitu mkononi, Apple waliwahitaji. Wewe unayetengeneza programu ya stoo au ya mahesabu ya Saccos na watu wawili ofisini, ukiandika barua kwa kampuni kubwa kuomba ruhusa ya kufanana nao, unachofanya ni kuwaambia mapema kwamba unakuja. Karatasi inafaa pale unapokuwa na cha kutoa, mfano wewe ndo unawatengenezea nyongeza wanazozitegemea, au mnashiriki wateja. Na ukiipata, pigania neno moja moja, hasa kama inahusu matoleo yajayo au toleo hili tu.

Amri na menyu: Borland na Lotus

Hapa nitakaa zaidi maana ndipo penye mafunzo.

Lotus 1-2-3 ilitoka Januari 1983, lahajedwali ya IBM PC, na kwa miaka mingi ndo ilikuwa kila kitu maofisini, kama Excel ilivyo leo. Ilivyotumika ni hivi: unabonyeza mkwaju (/), juu ya skrini inatokea mstari wa maneno, Worksheet, Range, Copy, Move, File, Print, Graph, Data, Quit, halafu unabonyeza herufi ya kwanza ya unachotaka, unaingia kwenye menyu ya ndani, unabonyeza nyingine. Mkwaju, F, S, umehifadhi faili. Mkwaju, W, I, R, umeingiza mstari mpya. Mhasibu aliyezoea hatazami hata skrini, ni kama mtu aliyezoea menyu ya kutuma pesa kwenye simu, anajua namba zinavyofuatana bila kusoma. Jumla zilikuwa amri 469 kwenye menyu zaidi ya 50.

Na juu ya hapo kulikuwa na makro. Mtu anaandika zile herufi zikafuatana, anazihifadhi, siku nyingine anabonyeza mara moja programu inazirudia zenyewe. Maofisi yalikuwa na makro za mishahara, za bajeti, za ripoti za mwisho wa mwezi, zote zimeandikwa kwa herufi za menyu ya Lotus. Sasa angalia mtego ulipo, makro ameandika mhasibu mwenyewe, ni jasho lake, lakini haisomeki popote isipokuwa ndani ya programu yenye menyu ileile kwa mpangilio uleule.

Borland, kampuni ya California ya Philippe Kahn, wakaleta Quattro mwaka 1987 na baadaye Quattro Pro. Na hili watu wengi wanaolisimulia wanalisahau: Quattro ilikuwa na sura yake yenyewe na menyu zake zenyewe ambazo wengi waliziona nzuri kuliko za Lotus, na hakuna hata mstari wa msimbo wa Lotus ulionakiliwa. Ila waliweka pia hali ya pili, ukiichagua menyu zinapangika kama za Lotus, ili aliyehama asipotee na makro zake ziendelee kufanya kazi. Walichochukua ni maneno ya amri na mpangilio wake, basi.

Lotus walikuwa wameshashinda kesi moja kabla, dhidi ya Paperback Software waliotengeneza VP-Planner. Jaji Robert Keeton wa Massachusetts aliamua Juni 28, 1990 kwamba menyu ile inalindwa na hakimiliki, na siku chache tu baadaye Lotus wakamshtaki Borland. Jaji akawa yuleyule Keeton. Julai 1992 Borland wakapigwa, wakaiondoa ile hali ya pili, wakabakiza kifaa kidogo kinaitwa Key Reader ambacho hakionyeshi menyu ya Lotus kwa mtumiaji hata kidogo, kinasoma tu makro za zamani, na ndani yake yale majina ya amri yamefupishwa yakabaki herufi za kwanza. Keeton akasema hata hicho ni wizi wa hakimiliki. Yaani mtu haoni chochote cha Lotus kwenye skrini na bado ni kosa! Mimi hapo ndipo ninapoona hoja ya Lotus ilivuka mpaka, maana kilicholindwa tena sio sura, ni uwezo wa mhasibu kusoma faili lake mwenyewe.

Borland wakakata rufaa, na Machi 9, 1995 mahakama ya rufaa ya mzunguko wa kwanza, Boston, ikaigeuza hukumu yote. Hoja ya majaji ni fupi, sheria ya hakimiliki ya Marekani inasema wazi hailindi namna ya kuendesha kitu, na ule mti wa menyu ndo namna ya kuiendesha 1-2-3, hata kama Lotus walitumia akili na ladha kuchagua maneno. Wakatoa mfano wa vitufe vya deki ya video, vile vya kurekodi, kucheza, kurudisha nyuma, kwamba mpangilio wake na majina yake ni njia ya kuiendesha mashine. Jaji Michael Boudin akaongeza maoni yake ambayo mimi nayapenda kuliko hukumu yenyewe, akaangalia upande wa mtumiaji: watu wameshawekeza muda kujifunza menyu na kuandika makro, kwa nini Lotus wawe na haki ya kuufungia huo muda ndani ya bidhaa yao?

Lotus wakaenda Mahakama Kuu. Januari 16, 1996 majaji wakagawanyika 4 kwa 4, Jaji Stevens hakushiriki, kwa hiyo hukumu ya Boston ikasimama lakini bila kuwa kanuni ya nchi nzima.

Sasa gharama. Wakati Borland wanashinda hiyo 1995 na 1996 Quattro Pro haikuwa yao tena, walishawauzia Novell mwaka 1994. Kesi ilikula zaidi ya miaka mitano, na miaka hiyohiyo Excel ikapanda na Windows ikabeba soko lote. Lotus wenyewe wakanunuliwa na IBM 1995. Kwa hiyo ukichagua njia ya Borland usijidanganye kwamba ukiwa na haki umemaliza, mwenye hela anaweza kukuchosha kabla haki haijafika.

Sura yote: Xio na Tetris

Tetris ni ya Alexey Pajitnov, Moscow, 1984. Mwaka 2009 Xio wakatoa gemu ya iPhone inaitwa Mino. Hawakubisha kwamba wameiga, utetezi wao ulikuwa kwamba wamesoma sheria wakachukua kanuni za mchezo tu, na kanuni za mchezo hazilindwi.

Nusu ya hoja ni kweli. Vipande vinaanguka, unavigeuza, mstari ukijaa unafutika, hilo ni wazo na mtu yeyote anaweza kulitumia. Tatizo ni kwamba Xio hawakuishia hapo. Mei 30, 2012 Jaji Freda Wolfson wa New Jersey aliweka picha za gemu zote mbili pamoja, na ukiziangalia huwezi kujua ipi ni ipi. Maumbo ya vipande yaleyale, rangi zilezile za kung'aa na kingo za kupinda nuru, uwanja wa 10 kwa 20 uleule, kivuli cha kipande kikionyesha kitaangukia wapi, kidirisha cha kipande kinachofuata, kipande kubadilika rangi kikishatua, hata vitofali vinavyojaza uwanja mchezo ukiisha. Jaji akasema hakuna hata kimoja katika hivyo ambacho mchezo hauwezi kuchezeka bila ya kukiiga hivyo hivyo, ungeweza kuchora vingine mia. Xio wakashindwa kwenye hakimiliki na kwenye madai ya kuiga sura ya kibiashara ya bidhaa.

Mlinganishe na Data East dhidi ya Epyx, 1988, gemu mbili za karate. Zilifanana sana, waamuzi, mateke, pointi, lakini mahakama ya rufaa ikasema hayo yote yanatokana na karate yenyewe, ukitengeneza gemu ya karate utaweka nini kingine? Kwa hiyo Epyx wakapona. Kinachokulinda sio kwamba umeiga kidogo, ni kwamba ulichoiga kililazimishwa na kazi yenyewe.

Sasa uchague ipi

Kama unatengeneza programu ya kazi, mahesabu, stoo, hospitali, shule, ambapo mtumiaji ana mafaili na mazoea ya miaka, nenda njia ya Borland. Chukua kile anachohitaji kuhama nacho: fomati ya faili, majina ya amri, vitufe vya mkato, mpangilio wa hatua. Halafu chora sura yako mwenyewe kabisa, rangi zako, aikoni zako, maneno yako ya maelezo. Quattro ilikuwa na utetezi mzito kwa sababu ilikuwa na uso wake na ule wa Lotus ulikuwa wa kuchagua.

Kama ni gemu au app ya burudani, njia ya Borland haipo hata, maana mchezaji hana makro ya mishahara anayohama nayo. Hapo chukua kanuni za mchezo, kila kinachoonekana uchore upya, usiweke hata kivuli kimoja kwa sababu tu "wote wanafanya hivyo".

Njia ya Xio sioni wa kumshauri. Ni rahisi wiki ya kwanza tu.

Kuna na mtego ambao hizi tatu hazionyeshi, usajili wa muundo wa nje. Apple waliowahi kushindwa na Microsoft kwenye hakimiliki, walipomshtaki Samsung 2011 walikuja na hataza za muundo, mojawapo ikiwa ya mpangilio wa aikoni kwenye skrini ya simu. Agosti 2012 baraza la wazee wa mahakama likawapa zaidi ya dola bilioni 1, kiasi kikapunguzwa na kubishaniwa, Mei 2018 likawa dola milioni 539 na mwezi uliofuata wakamalizana. Hakimiliki inauliza umeiga ubunifu gani, hataza ya muundo inauliza bidhaa yako inaonekanaje kwa mnunuzi, na mtu hahitaji kuthibitisha kwamba ulikopi. Kwa hiyo kabla hujazindua, tafuta kama ile sura imesajiliwa kwenye nchi unayouzia.

Na huku kwetu? Tanzania, Kenya na Uganda ziko kwenye Shirika la Biashara Duniani, na mkataba wake wa haki za ubunifu, TRIPS, unasema mambo mawili ambayo developa anatakiwa ayajue kwa moyo, kwamba programu ya kompyuta inalindwa kama kazi ya maandishi, na kwamba ulinzi hauendi kwenye mawazo, taratibu wala namna za kuendesha kitu. Hilo la mwisho ndo lugha ileile iliyomwokoa Borland. Hukumu za Boston haziwafungi majaji wa Dar es Salaam au Nairobi, lakini wakili wako ana mahali pa kuanzia. Upande wa usajili wa muundo, Kenya angalia KIPI, ofisi ya mali za viwanda, Tanzania bara anza kwa kuuliza BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni.

Usichukulie pia kwamba Marekani wameshamaliza ubishi. Google dhidi ya Oracle ilipofika Mahakama Kuu, Aprili 2021, Google wakashinda 6 kwa 2 kwa kunakili mistari kama 11,500 ya msimbo wa Java, lugha ya kuandikia programu ambayo mwenyewe ni Oracle, ile mistari inayotaja majina ya amri na namna ya kuziita, lakini majaji walikwepa kusema kama mistari ile inalindwa au la, wakasema tu matumizi yale yalikuwa ya haki, kwa sababu madevelopa walishaijua Java na Google walichukua kilichohitajika tu ili ujuzi huo ufanye kazi kwenye simu. Hoja ni ya Boudin ileile.

La mwisho kabla hujaanza kuandika msimbo. World Programming wa Uingereza walitengeneza programu inayoendesha maskripti ya SAS, programu ya Marekani ya kuchambua takwimu, bila kuhitaji SAS yenyewe, yaani Borland mtupu, na Mei 2, 2012 mahakama ya juu ya Ulaya ikawaunga mkono, kwamba kazi ya programu, lugha yake na fomati ya mafaili yake havilindwi na hakimiliki. Lakini walikuwa wamenunua nakala za SAS za kujifunzia na kukubali masharti yake wakati wa kuziweka, na kule North Carolina baraza mwaka 2015 likaona wamevunja leseni na wamefanya udanganyifu, dola milioni 26.4 zikazidishwa mara tatu zikafika kama milioni 79. Sheria ya hakimiliki iliwaruhusu, kile kitufe cha kukubali masharti kikawafunga. Kwa hiyo kabla mtu yeyote kwenye timu yako hajafungua nakala ya programu mnayotaka kufanana nayo, soma leseni yake yote, na andika mahali nani kaifungua, lini, toleo gani na kwa masharti yapi.